Mama mkwe anataka chumvi, mimi namwekea dawa kwenye uji

Mama Mshauri, jambo.

Naomba unijibu bila kunibembeleza, maana hapa nyumbani kila mtu ameshanihukumu na mimi mwenyewe sijui tena kama niko upande wa haki.

Tunaishi Kadutu, hapa Bukavu: mimi, mume wangu, watoto wetu wanne na mama mkwe. Mama aliteremka kutoka Walungu mwaka jana, magoti yalipomshinda shambani. Ana miaka 63. Ni mtu mwema, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Uzazi wangu wote wanne yeye ndiye aliyekuja kunikanda na kunipikia, na hajawahi kunitukana hata siku moja. Ndiyo maana hili la sasa linaniuma.

Miezi michache iliyopita nilimpeleka kituo cha afya kwa ajili ya malaria, wakampima na tansiyo, yaani presha ya damu. Muuguzi akasema kwa kufupisha ni 18 kwa 10, na kwenye fishi, kadi yake ya kituo, akaandika 182/106. Wakamrudisha wiki iliyofuata, ikawa 178/104. Akapewa vidonge, kimoja kila asubuhi, akaambiwa na chumvi apunguze. Vita ilianzia hapo.

Vidonge anameza siku kichwa kikimvuma tu. Siku nyingine zote anasema, “Leo niko mzima, nimeze dawa ya nini?” Plaketi moja ya vidonge kumi inamaliza mwezi. Kwa upande wa chumvi, mimi nilichukua maneno ya muuguzi kama yalivyo, nikawa namtengea chakula chake kwenye sufuria ndogo, bila chumvi hata chembe. Siku ya kwanza alikula kimya. Siku ya pili alisukuma sahani. Siku ya tatu alifungua fundo la kitenge chake, kumbe mlikuwa na chumvi aliyoifunga kwenye kipande cha plastiki, akainyunyiza juu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, mbele ya watoto huku akinitazama usoni. Tangu siku hiyo fundo lile halimtoki kiunoni. Jirani ameniuliza dukani, watu wakisikia, kama ni kweli namnyima mama wa watu chumvi. Shangazi ya mume wangu naye amepiga simu kutoka Uvira kuniuliza hayo hayo.

Mume wangu anasema tansiyo ya mama ni mawazo tu, mawazo ya vita na ya shamba aliloacha, na kwamba nimpe anachotaka kwa sababu ameshazeeka.

Sasa kosa langu, kama ni kosa. Nilichoka kubishana. Nikanunua farmasini plaketi nyingine ya vidonge vile vile, nikawa nasaga kimoja kila asubuhi na kukichanganya katika uji wake wa mtama na soya. Hajui. Lakini juma lililopita aliinuka kitini akayumba, akashika ukuta, akasema nyumba inazunguka. Baadaye nikaitazama plaketi yake: na yeye alikuwa amemeza chake asubuhi ile. Nimeogopa, na sijamwambia mtu.

Ajabu ni kwamba vidonge vya magoti, diklofenaki, ambavyo mdogo wake humnunulia sokoni, hivyo hasahau asubuhi wala jioni. Anasema bila hivyo hapandi ngazi zetu.

Na mashine zao sijui kama ni za kuaminika, maana siku ile ile walinipima na mimi. Nilikuwa nimepanda kilima mbio na mzigo wa vitenge kichwani, wakaniambia nina 152 kwa 98, nirudi. Sikurudi. Nina miaka 34, ni mwembamba, siumwi kitu, na dawa pekee ninayotumia ni vidonge vya kupanga uzazi.

Niambie: niendelee na uji, au nimwache ale chumvi yake kama mume wangu anavyotaka? Na nifanyeje ili fundo la chumvi lisituvunjie nyumba?

Mkaza mwana, Kadutu

*

Mwanangu, uji wa kesho asubuhi uwe uji mtupu.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lenye haraka. Dawa moja ikigawiwa na mikono miwili isiyoambiana, mgonjwa anameza mara mbili siku ambayo hakupaswa, na ndicho ulichokiona alipokamata ukuta. Mtu wa miaka 63 akianguka kwenye ngazi za Kadutu, presha itakuwa shida yake ndogo. Nenda kwa muuguzi yule yule mwambie yote, pamoja na habari ya uji. Atakukaripia kidogo, vumilia. Mwombe ampime mama akiwa ameketi, kisha ampime tena akiwa amesimama dakika moja au tatu, aone kama presha inaporomoka anapoinuka.

Hukuniandikia jina la kidonge, nalo lina uzito. Chukua plaketi usome mgongoni. Kama ni amlodipini, kukisaga hakukuiharibu dawa. Kama ni nifedipini, na kando ya jina pana herufi LP au neno retard, basi kidonge hicho kimetengenezwa kitoe dawa polepole mchana kutwa. Ukikisaga, yote inaingia mwilini kwa mkupuo, presha inashuka ghafla kuliko ubongo na moyo vinavyoweza kuvumilia. Watu wamepata kiharusi kwa namna hiyo, kiharusi kile kile walichokuwa wakikikimbia. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali mtu amtobolee kidonge cha nifedipini chini ya ulimi eti presha ishuke upesi. Tabia hiyo ilikuwa ya kawaida zamani, madaktari wameiacha, ila baadhi ya vituo vyetu havijapata habari.

Kuna na jambo ambalo halimo katika kitabu cha dawa. Mama aliyepika uji maisha yake yote ataijua ladha ya uji wake, kama hajaanza kuishuku. Siku atakayogundua, hatakula tena kitu kutoka mkononi mwako, na yule jirani wa dukani atakuwa na habari nono kuliko ya chumvi. Unaujua mji wetu. Neno karuho, yaani sumu ya kutiliwa chakulani, likishatamkwa hapa halingoji ushahidi.

Sasa nikuonyeshe kitu ulichokiandika kama mzaha, nami niliposoma nikaweka barua chini. Diklofenaki asubuhi na jioni! Dawa za jamii hiyo, yaani diklofenaki, ibuprofeni na indometasini, huufanya mwili kuzuia chumvi na maji ambavyo figo zilitaka kuvitoa. Presha inapanda, na dawa ya presha inapunguzwa nguvu. Kwa mtu mwenye umri wa mama, zikitumiwa mfululizo zinakula figo, na hatari inaongezeka zaidi ikiwa dawa yake ya presha ni ya kukojosha au ni ya zile ambazo majina yake huishia na “prili”, kama kaptoprili na enalaprili. Kwa hiyo wewe unapigania kijiko cha chumvi mezani huku kidonge cha magoti kinamrudishia mwilini chumvi ile ile, mara mbili kwa siku, na hakuna aliyemwuliza. Si kosa lako. Ni kosa la farmasi zetu kuuza diklofenaki kama karanga, na letu sisi wauguzi tunaoandika dawa ya presha bila kuuliza, “Mama, unameza na nini kingine?”

Lakini usimnyang'anye. Magoti yanamuuma kweli, na ukiondoa dawa ya maumivu bila kumpa nyingine utakuwa umeongeza adui wa pili juu ya chumvi. Mwulize muuguzi kuhusu parasetamoli kwa kipimo atakachoandikiwa, na iwe kidonge cha kawaida, siyo ile inayochemka kwenye glasi ya maji, kwa kuwa ile ina sodiamu nyingi ndani yake na sodiamu ndiyo inayotukosesha amani katika chumvi. Mafuta ya kuchua, maji ya moto, fimbo nzuri ya kutembelea, na mazoezi mepesi ya kunyoosha na kukunja goti akiwa ameketi, vyote vinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Mkienda, wekeni katika mfuko mmoja kila kitu anachomeza: vidonge, unga wa mizizi, majani, chupa isiyo na jina. Muuguzi auone mfuko wote. Na kwa wasomaji wangu wengine: ikiwa katika mfuko wenu mna deksametazoni, ile ambayo wengine wanameza wanenepe mashavu, nayo inapandisha presha, na mtu aliyeitumia kwa muda mrefu haiachi ghafla bila muuguzi kumwongoza.

Twende kwenye “leo niko mzima”. Mama hakudanganyi. Yuko mzima kwa namna anavyojisikia, na ndivyo walivyo wengi wenye presha. Namba ya juu ni nguvu ya damu dhidi ya kuta za mishipa moyo unapokamua, ya chini ni wakati moyo umelegea kabla ya kukamua tena. Ikifika 140 juu au 90 chini, kwa vipimo vya siku mbili tofauti, hiyo ni presha. Mama alipimwa siku mbili, mara zote juu sana, kwa hiyo shaka hakuna. Ila nguvu hiyo haiumi. Gurudumu la moto, yaani pikipiki, lililojazwa upepo kupita kiasi linateleza vizuri tu kwenye lami, dereva anafurahia, hadi linapopasuka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wazima bilioni 1.4 wenye miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha mwaka 2024, na asilimia 44 ya wenye presha hawajui kwamba wanayo. Kama ingekuwa inauma, wangejua. Kichwa kinaweza kumvuma mama kwa jua, kwa njaa, kwa moshi wa makaa, na presha ikawa nzuri. Tena kinaweza kutulia kabisa naye yuko 190. Kwa hiyo kumeza siku ya kichwa kuuma ni kumeza kwa kubahatisha, na mwili unapanda na kushuka kila wiki bila kufaidika.

Naamini pia kuna hofu nyuma ya maneno yake, ingawa hukuiandika. Nimewasikia akina mama wengi wakisema: dawa ya presha ukishaianza huachi, inakuzoea. Mwulize kwa upole kama ndicho anachoogopa. Ukweli ni kwamba dawa haimfungi mtu. Ugonjwa wenyewe ndio wa kudumu, na dawa inaushikilia tu kwa muda ule inapomezwa. Akiacha, presha inarudi pale ilipokuwa, na watu wanaona kana kwamba dawa ndiyo iliyoileta. Wengine wanaacha kwa sababu ya madhara madogo ambayo hawakuambiwa: amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, dawa ya kukojosha humwamsha mtu usiku akiimeza jioni badala ya asubuhi. Yote haya yana ufumbuzi, kubadilisha dawa au saa ya kuimeza, ila mgonjwa aseme, asikae kimya na plaketi chini ya mto.

Mumeo ana neno lake kuhusu mawazo. Simkatalii lote. Hofu na hasira hupandisha presha kwa saa ile, na Bukavu ya miaka hii ni nani asiye na mawazo? Lakini akili ya mtu ikitulia presha ya saa ile hushuka yenyewe. Ya mama ilikuwa pale pale wiki moja baadaye. Wengi hawana sababu moja ya kuonyeshwa kwa kidole. Ni umri, ni ukoo, ni chumvi, ni unene, ni pombe, wakati mwingine ni figo. Hatuwezi kungoja vita viishe ndipo mama ameze kidonge.

Haya, chumvi. Mwanangu, hapa ulikosea namna, ingawa nia ilikuwa njema. Sufuria ya pembeni ilimwambia mama kwamba yeye ni mgonjwa na nyinyi ni wazima, na hakuna mkubwa wa nyumba anayekubali kuambiwa hivyo mbele ya wajukuu. Halafu chakula kisicho na chumvi hata chembe hakuna aliyekuomba. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo ya kwenye mchuzi, ya mkate, ya samaki, yote. Tena sisi watu wa Kivu tuna sababu yetu ya kutoikimbia chumvi kabisa. Wazee wanakumbuka marovu, ule uvimbe wa shingoni, na kisiwa cha Idjwi kilijulikana kwa watafiti wa dunia kwa ajili ya ugonjwa huo, kwa sababu ardhi yetu haina madini ya iodini ya kutosha. Chumvi yenye iodini ndiyo iliyotupunguzia balaa hilo. Nunua hiyo hiyo, tumia kidogo.

Kwa hiyo rudisha sufuria moja. Wote mle chumvi ya mama, siyo mama ale chumvi ya peke yake. Punguza kidogo kidogo, wiki hii robo, wiki mbili zijazo robo nyingine. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache na watoto hata hawatagundua. Nikupe kipimo cha kukagulia nyumba bila kubishana na mtu: andika kwa bik juu ya mfuko wa chumvi tarehe ulipoufungua. Mko saba. Mfuko wa nusu kilo ukiisha kabla ya wiki mbili, mmevuka kiasi, na hapo bado hatujahesabu chumvi iliyojificha. Maana chumvi nyingi ya jikoni kwetu haitoki kwenye mfuko huo. Iko kwenye kyubu za Maggi na zinazofanana nazo, ambazo karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, na mimi nimeona mtu akitia nne kwenye mchuzi wa sambaza, wale samaki wadogo, na juu yake chumvi ya kawaida. Chagua moja: ukitia kyubu usitie chumvi. Iko kwenye makayabu, samaki waliokaushwa kwa chumvi. Ukipika hayo yaloweke usiku kucha na ubadilishe maji mara mbili tatu, na yasiwe chakula cha kila wiki. Sambaza wabichi wa ziwani hawana tatizo hilo. Kitunguu kilichokaangwa mpaka kikabadilika rangi, limau linalokamuliwa mwishoni, pilipili, tangawizi, karanga kwenye sombe: hivyo ndivyo vitakavyomsahaulisha fundo lake. Lenga-lenga (mchicha), maharagwe, ndizi na parachichi mpe kwa wingi, isipokuwa muuguzi aseme figo zake zimeharibika, hapo mambo yanabadilika.

Ila nisikudanganye kuhusu nguvu ya chumvi. Kwa mtu mwenye presha, kuipunguza vizuri kunateremsha ile namba ya juu kwa 5 hivi. Toa 5 kwenye 182 uone unabaki na ngapi. Mama anahitaji kidonge cha kila siku, na baada ya mwezi apimwe tena, aongezewe au abadilishiwe hadi awe chini ya 140 kwa 90. Akitulia hapo, kupimwa kila miezi mitatu hadi sita kunatosha. Kwa hiyo kama huna budi kushindwa vita moja, shindwa ya chumvi ushinde ya kidonge. Fundo la kitenge lisikuondolee usingizi. Na majani machungu anayoletewa na wenzake, kama yapo, yasichukue nafasi ya kidonge.

Nani amwambie haya? Wewe hapana. Umeshakuwa mpinzani wake, na hata ukisema kweli itasikika kama kisasi. Kwanza mwombe radhi kwa ile sufuria ndogo, kwa maneno machache, mbele ya wale wale watoto walioona. La uji, mwambie mbele ya muuguzi, na mumeo awepo. Muuguzi ataeleza kwa nini kizunguzungu kilitokea, na wewe utasema uliogopa kumpoteza. Hatapenda. Lakini afadhali alisikie kwako kuliko aligundue mwenyewe. Kisha maneno ya dawa yatoke kwa muuguzi, na ya nyumbani yatoke kwa mwanawe. Mumeo ndiye ampe kidonge kila asubuhi kabla hajatoka, ampe na maji, akae hadi kimezwe. Mama atamkatalia mkwe. Mtoto wake wa kiume aliyepiga goti na kikombe mkononi ni vigumu kumkatalia. Plaketi iwe moja tu nyumbani, ile ya pili uliyonunua uikabidhi.

Kwa mumeo nina neno moja. Anasema mama ameshazeeka, 63! Kiharusi hakimchukui mtu mara moja na kumpumzisha, kama anavyofikiri. Mara nyingi kinamwacha kitandani upande mmoja umekufa, maneno hayatoki, na wa kumgeuza, kumwogesha na kumlisha ni wewe. Mwambie alitafakari hilo kabla ya kusema tena “mpe anachotaka”. Na mwambie akapimwe yeye. Presha inatembea katika ukoo, na katika nyumba yenu aliyezaliwa na mama yule ni yeye.

Jueni wote dalili za kutongoja. Uso umeanguka upande mmoja, mkono au mguu umelegea ghafla, maneno yanapotoka, kifua kinabana, pumzi inakata, macho yanaona giza: hapo ni hospitali kubwa saa hiyo hiyo, kwa moto, kwa teksi, kwa mgongo. Msianze kwa kumwongezea vidonge.

Nimekuacha wewe mwisho, na ulitaka nikupite. 152 kwa 98 baada ya kupanda kilima na mzigo haitoshi kusema una presha, hilo ni kweli. Katika mji huu wa kupanda na kushuka ningependa kila kituo kiwe na benchi na kila mtu aketi dakika tano kabla ya kuguswa, kibofu kitupu, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mdomo umefungwa, na nusu saa bila kahawa wala sigara. Lakini mashine iliyompima mama ukaiamini ndiyo iliyokupima wewe. Huwezi kuisadiki kwa mkwe ukaikana kwako. Wembamba haukingi, na miaka 34 siyo kinga.

Na vile vidonge vya kupanga uzazi ulivyovitaja kama kitu kidogo: vile vya mchanganyiko, vyenye homoni ya estrojeni, vinaweza kupandisha presha, na mwanamke aliyefika 140 kwa 90 kwa kawaida hashauriwi kuendelea navyo. Usivitupe leo ukabaki bila kinga. Nenda navyo, waone ni vya aina gani, na kama ndivyo wakupe njia nyingine; kipandikizi cha mkononi au kitanzi havina estrojeni. Waambie pia kama katika mimba zako nne kuna ambayo presha ilipanda, kwa sababu mwanamke aliyepata presha ya mimba ana hatari zaidi ya kuipata tena baadaye nje ya mimba. Ukikutwa nayo kweli na ukaanza dawa, na siku moja ukataka mtoto wa tano, sema kabla hujabeba mimba: zile dawa za “prili”, na zile za “satani” kama losatani, zinamdhuru mtoto tumboni, na zipo nyingine za kuzibadilisha.

Nendeni watatu, asubuhi moja, kabla ya jua kali. Teremkeni polepole. Mkifika, mpe muuguzi zile namba zako mbili kabla hajamgusa mama, usingoje akuulize.